Vitabu vya ubatizo vya mtoni vinaliwa na mchwa

Mhariri,

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkaazi wa Maweni hapa Malindi, na mwaka huu natimiza miaka 23 nikiwa kiongozi wa darasa katika kanisa letu la Methodist. Kwa wasiotujua, darasa kwetu si la ubao na chaki. Ni waumini wachache wa nyumba za jirani waliokabidhiwa mtu mmoja awatembelee, aombe nao, ajue nani mgonjwa na nani amelala njaa.

Mzee mmoja wa darasa langu alinijia akiwa na bahasha ya kaki. Kitambulisho chake kimempunguzia miaka sita, kwa hiyo pesa za wazee waliofika miaka 70 hazipati. Akaambiwa alete karatasi ya zamani itakayothibitisha umri wake. Cheti cha kuzaliwa hana, shule hakusoma. Karatasi pekee iliyowahi kuandika jina lake ni kitabu cha ubatizo cha kanisa moja kule mtoni Tana, alikobatizwa akiwa mchanga.

Nikapanda matatu hadi Garsen, nikachukua bodaboda. Ufunguo wa kabati ulitafutwa tangu asubuhi hadi adhuhuri. Kitabu kilipotolewa nilifurahi, maana jalada lake jeusi lilikuwa zima kabisa. Nikalifunua. Ndani mchwa walikuwa wamechimba njia kutoka ukurasa hadi ukurasa, na udongo wao ulikuwa bado na unyevu. Kwa wino wa buluu uliofifia nilisoma jina la mamake yule mzee, na pembeni neno "mkulima". Mstari ambao jina lake lilipaswa kuwepo ulikuwa tundu. Niliweza kupitisha kidole changu.

Nimelia kwa ajili ya kitabu kile, Mhariri, na sioni haya kusema.

Sisi ni kanisa kongwe. Mmisionari Mwingereza Thomas Wakefield na wenzake walifika Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862 kwa mwito wa Krapf, mmisionari Mjerumani aliyewatangulia, na kila sikukuu ya kanisa majina hayo husomwa. Ni haki yasomwe. Pale Golbanti, mtoni Tana, mmisionari wetu Houghton na mkewe waliuawa mwaka 1886 katika uvamizi wa Wamaasai, na watoto wetu wa Jumapili wanalijua hilo. Lakini nani aliyechimba kaburi lao? Nani aliyekuwa akiwavusha mto kwa mtumbwi, nani aliyewafundisha neno la kwanza la Kioromo au Kipokomo? Hawa nao walikuwa kanisa. Wao hawakuwa na jamaa ng'ambo wa kuwaandikia barua, wala hakuna aliyechapisha habari zao. Waliandikwa mahali pamoja tu, katika vile vitabu vya ubatizo, ndoa na maziko.

Mimi mwenyewe ni mzaliwa wa Ngao, kijiji cha mtoni Tana. Huko walioanza kazi mwaka 1887 ni Wajerumani wa misheni ya Neukirchen, na Wamethodisti wakaja kuipokea baadaye. Bibi yangu hakujali tofauti hiyo. Alisema kengele ni ile ile na miembe ni ile ile. Watu wa Ngao waliposhuka Malindi kutafuta kazi, na wengine kwa kukimbia mafuriko, walibeba ibada yao kama walivyobeba magodoro. Nakumbuka tukisali chini ya paa la makuti, mvua ikinyesha tunasogea upande mmoja sote, mchungaji akisogea nasi.

Baadaye wakaja Wameru, walimu na maaskari na wafanyabiashara wa miraa, kwa kuwa kwao Wamethodisti walifika mwaka 1912 na kanisa lilikita mizizi hasa. Wagiriama tulikuwa nao tangu awali. Siku ya mavuno, kwetu utaona ndizi za mtoni, nazi na mihogo ya Wagiriama, na gunia la njahi lililosafiri kutoka Meru, vyote vimepangwa mbele ya madhabahu, halafu vinapigwa mnada kwa kelele na vicheko. Na mume wangu alipofariki, mikeka na sufuria kubwa za matanga zilitoka kwa majirani zangu Waislamu. Vijana wao walikesha nje pamoja na wetu siku tatu. Hayo nayo ni historia ya kanisa hili, na sijayaona yameandikwa popote.

Tangu 1967 kanisa hili linajitawala. Hatuna tena mtu wa Uingereza wa kumwachia kazi ya kutunza karatasi. Nimesikia pia kwamba katika kanisa jingine rejista za zamani zilichomwa pamoja na takataka chumba kilipokuwa kinapakwa rangi. Aliyechoma hakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyemweleza anashika nini.

Naiomba sinodi ya Pwani, yaani baraza linalosimamia makanisa yetu ya huku, ifanye jambo lisilohitaji harambee kubwa. Kila sakiti, yaani kundi la makanisa ya jirani, itafute vitabu vyake vyote, ivipige picha ukurasa kwa ukurasa kwa simu, nakala zipelekwe kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa, na vitabu vyenyewe viwekwe ndani ya sanduku la bati lililoinuliwa juu ya matofali. Vijana wakae na wazee wa mtoni wawarekodi wangali na sauti. Ufunguo ukae kwa msimamizi anayejulikana.

Likizo ya Agosti nitarudi kule na wasichana wawili wa darasa langu wenye simu nzuri. Vitabu vitatu vimebaki katika kabati lile, na kimoja sikuweza kukifungua, kurasa zimeshikana. Mwenye ujuzi wa kutenganisha karatasi zilizoshikana kwa maji bila kuzichana, tafadhali atuandikie kupitia ukurasa huu kabla hatujaondoka.

Mwalimu mstaafu,
Maweni, Malindi