Msikate masikio ya fremu za BSA

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye pikipiki za zamani, na hasa mafundi wenzangu wa Unguja na Pemba.

Umezuka mtindo wa kuchukua fremu ya BSA, pikipiki ya Kiingereza, kukata kwa grainda masikio yanayoshika injini, kisha kuchomea vyuma vipya ili ikae injini ya bodaboda. Mwezi huu nimeletewa moja hapa Chake Chake, BSA aina ya B31 ya sisi (cc) 350, mali ya marehemu babu yake mteja. Injini yake yenyewe ipo, imefungwa guniani, pistoni imeshika kutu. Tumemimina dizeli na oili kwenye tundu la plagi, tukaiacha ilowe, na imeachia. Fremu ndiyo iliyoharibiwa, na kisingizio alichopewa mwenyewe ni kwamba injini ya zamani haiingii vizuri.

Inaingia, wallahi. Ila BSA ya miaka ya 1950 haifungwi kama Honda. Injini mbali, giaboksi mbali, zinaungana kwa cheni ya ndani iliyo upande wa kushoto pamoja na klachi. Mimi hutanguliza giaboksi, naiacha inacheza kwenye bolti zake, ndipo naingiza injini. Bolti zote zipite kwa mkono kabla hujakaza hata moja. Ukiona upenyo baina ya sikio la injini na fremu, tia washa, kile kipete bapa cha chuma, ya unene ule ule. Usiuzibe kwa nguvu ya spana! Sikio lile ni la alumini, likivutwa linakatika, na hapa kwetu kupata jengine ni mtihani.

Kisha sogeza giaboksi nyuma mpaka cheni ya ndani icheze kama nusu inchi. Zungusha injini uipime tena pahala pengine, maana cheni kuukuu haikazi sawasawa. Cheni ya nyuma, inayokwenda kwenye gurudumu, iwe mwisho, kwa sababu giaboksi ikirudi nyuma, cheni hiyo inalegea. Halafu waya wa klachi.

Jambo jengine ni spana. Bolti za Kiingereza hazikubali spana za milimita. Zinaliwa vichwa, fundi anakasirika, anachukua grainda. Naamini fremu nyingi zimekufa kwa njia hii.

Naiomba Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ipeleke japo injini moja ya aina hii kituo cha Vitongoji, vijana waifungue na kuifunga kwa mikono yao. Wazee wanaoijua kazi hii bado wapo, na wakiitwa watakwenda.

Na nyinyi mliorithi masanduku ya spana, kabla hamjawauzia watu wa chuma chakavu, tazameni zilizoandikwa 1/4 W au 5/16 W, yaani Whitworth, kipimo cha Kiingereza. Hizo ndizo tunazozitafuta. Mwulizeni kwanza fundi wa karibu yenu.

Fundi pikipiki,
Chake Chake, Pemba