Kuhusu seva yenu mpya

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Ujumbe wako umenifikia, na nimefurahi sana kusikia kampuni yenu imepata seva yake, yaani kompyuta kuu ya kuhudumia nyingine zote. Umeuliza uanzie wapi. Anza na anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha kompyuta kwenye mtandao, kabla hata ya kuchomeka waya.

Seva isiachwe ichukue anwani yoyote itakayopewa na ruta (kifaa kinachowaunganisha na intaneti), maana ikizimwa na kuwashwa inaweza kurudi na nyingine, na kompyuta zikaitafuta pale pa zamani zisiione. Ingia kwenye ruta utazame DHCP, huduma inayogawa anwani yenyewe, inagawa kuanzia wapi hadi wapi. Tuseme ni 192.168.1.100 hadi 192.168.1.200, basi seva ipe 192.168.1.10, uiandike mwenyewe, na printa uzipange huko huko chini. Ukichagua namba iliyomo ndani ya fungu la ruta, iko siku simu ya mgeni itapewa namba ile ile, na mafaili yatafunguka kwa huyu, kwa yule yagome.

Sasa DNS, huduma inayogeuza majina ya kompyuta na tovuti kuwa namba, na hapa nakuomba uwe makini kuliko pengine pote. Kama seva itasimamia akaunti za wafanyakazi kwa Active Directory (mfumo wa Microsoft wa kusimamia watumiaji), kompyuta zote ziiulize seva majina, si ruta. Ruta itazipeleka kwenye tovuti za nje bila shida, lakini majina ya humo ndani haiyajui. Wengi huweka seva iwe DNS ya kwanza na ruta ya pili, wakidhani wanajikinga. Usifanye hivyo. Kompyuta ikihamia kwa ruta, mfanyakazi anaweza kusubiri dakika kadhaa kuingia kwenye akaunti yake huku intaneti ikienda vizuri kabisa, na lawama zote zinaishia kwa seva. Acha seva yenyewe ndiyo iulize nje. Na ukitaka igawe anwani pia, zima DHCP ya ruta.

Waya utoke kwenye seva hadi kwenye swichi (kifaa kinachounganisha nyaya za mtandao wa ofisi) moja kwa moja, usitegemee Wi-Fi. Waya wa daraja la Cat 5e unatosha kwa gigabiti 1 kwa sekunde, mradi hauzidi mita 100. Ukiona kasi imeganda kwenye megabiti 100, kagua vichwa vya waya: jozi moja tu ya nyuzi za ndani isiyoshika yaweza kuishusha.

Ukimaliza, nenda kwenye kompyuta yoyote uipigie seva ping (amri ya kujaribu kama inajibu) kwa namba, kisha kwa jina. Namba ikijibu na jina likakataa, waya usiuguse, rudi kwenye DNS.

Halafu bosi atataka kuifikia seva akiwa nyumbani. Tafadhali usifungue mlango 3389, ule wa kuendesha kompyuta ya Windows ukiwa mbali, kwenye ruta ili kumridhisha. Wavamizi huusaka mlango huo mchana na usiku. Mwekee VPN, yaani njia ya siri iliyofichwa kupitia intaneti, hata kama itachukua siku zaidi.

Nitumie orodha ya anwani mtakazopanga, niipitie kabla hamjaiwasha seva.

Wako,
Rafiki yako wa siku zote