Shukrani kwa mzee wa boti ya Mokowe

Mzee wangu, jina sikukuuliza, ulivaa kikoi na kofia ya vito tukakaa pamoja kwenye boti ya kutoka Mokowe kuja Lamu, shikamoo na asante sana. Marehemu baba alituachia kasha la vyombo vya useremala, randa, tezo, misumeno, hivyo twavijua, lakini kulikuwa na mti wa mviringo wenye chuma nchani, na upinde hauna kamba, na kipande kingine cha mbao, nyumbani hakuna aliyejua ni nini na wengine walishasema tutupe tu. Wewe pale botini ulivitupia jicho tu ukasema hiyo keekee mwanangu, ya kutobolea mbao.

Yani ulivyonieleza kwa upole mpaka tukafika! Upinde ndo uta, mti unaozunguka ni msukano, kile cha kushika juu ni jivu, kamba waizungusha kwenye msukano halafu wavuta uta mbele na nyuma chuma kinakula mbao. Ukaniambia mafundi wa majahazi hutoboa kwanza ndo wapige msumari, ubao usipasuke. Basi ndo kazi aliyofanya baba kule kijijini Matondoni kabla sisi hatujazaliwa.

Nimetia kamba mpya, inazunguka vizuri kabisa, mama alipoiona alilia akaanza kutuhadithia mambo ya baba ambayo hatujawahi kuyasikia. Mungu akujalie afya mzee wangu. Anayemjua tafadhali amfikishie salamu, mama anataka aje ale kwetu.