Barua kwa Salim kuhusu Mzee wa Viridian

Buruburu, Nairobi

Mpendwa rafiki yangu Salim,

Pokea salamu zangu nyingi huko Mombasa, wewe pamoja na mama watoto na wote wa nyumbani. Sisi huku tu wazima, ila baridi ya Julai imetufungia ndani, na hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye jambo ninalokuandikia leo.

Mpwa wangu ameanza kucheza Pokémon Red, mchezo uleule wa video wa kukamata viumbe kwa mipira na kuwapiganisha, tuliouchezea zamu mimi na wewe, mmoja akiwa ameshika Game Boy na mwingine akimhesabia dakika. Jumapili iliyopita alifika Viridian City, akakutana na yule mzee wa njia ya kaskazini, na mzee akamwuliza kama ana haraka. Kijana akajibu kuwa anayo. Mzee akamwambia kwamba wakati ni pesa, akampisha, na mpwa wangu akajiendea zake bila hata kugeuka nyuma. Nilisikitika kama niliyeona mgeni akipita mlangoni pa babu yangu bila kubisha hodi.

Bila shaka unakumbuka jinsi mzee huyo anavyoonekana mara ya kwanza. Amelala katikati ya njia, anafoka kwamba hapo ni mali yake na hapitwi, huku mjukuu wake akimwombea radhi kwa kueleza kwamba babu hajapata kahawa yake. Katika toleo la Japani la 1996, mzee alikuwa amelewa tu. Waliouandaa mchezo kwa Kiingereza, ambao uliuzwa Marekani kuanzia 1998, ndio waliompa udhuru wa kahawa. Mimi naona walimsitiri vyema, ingawa hapa kwetu, ambako kahawa hulimwa hadi pembezoni mwa jiji na bado wazee wengi hunywa chai, udhuru huo ungehitaji kutafsiriwa mara ya pili. Ukishampelekea Profesa Oak, yule mtaalamu wa viumbe, kifurushi chake na kurudi na Pokédex, daftari lake la kielektroniki la viumbe, unamkuta mzee amesimama, amechangamka, na yuko tayari kufundisha.

Sasa tazama anavyofundisha. Ukimwambia huna haraka, anatokea mbele ya Weedle, yule kiwavi mwenye mwiba kichwani, akiwa na mipira 50 mkobani na asiwe na kiumbe hata mmoja wa kumpigania. Anarusha mpira mmoja, Weedle ananaswa, kisha mzee anakugeukia na kukueleza kwamba kwanza ni lazima umdhoofishe unayetaka kumkamata. Yeye mwenyewe hakumdhoofisha hata kidogo! Tukiwa watoto hatukuliona jambo hilo. Leo linanichekesha kila ninapolikumbuka, kwa sababu nimepata kufundishwa na mafundi wa namna hiyo, ambao mkono wao ulitenda jambo moja na mdomo ukaagiza jingine, na bado nikatoka kwao nikiwa nimejifunza kazi.

Lakini lililonifanya nikuandikie ni jambo la jina. Wakati wa onyesho lile, jina lako huondolewa kwenye kioo na mahali pake pakaandikwa kuwa anayepigana ni mzee. Kumbukumbu ya Game Boy ilikuwa finyu mno, kwa hiyo waandishi wa programu walilihifadhi jina lako kwa muda katika sehemu ambayo kwa kawaida huorodhesha viumbe wanaopatikana nyasini. Wala hapakuwa na hatari, kwa maana ukiingia eneo jingine lenye nyasi, orodha mpya huandikwa juu yake. Ila ukitoka kwa mzee ukaruka moja kwa moja hadi Cinnabar Island, kisha ukaogelea kandokando ya ufuo wa mashariki, unafika kwenye ukanda ambao mchezo unaushughulikia kama nyasi ilhali kisiwa hakina orodha yake. Basi mchezo husoma kilichobaki pale, na kilichobaki ni jina lako. Herufi ya tatu, ya tano na ya saba zinageuka kuwa viumbe, na zinazozitangulia zinakuwa viwango vyao vya nguvu. Kwa kuwa ndani ya mchezo herufi kubwa A huhesabiwa kuwa 128 na zinazoifuata huzidi hapo, viwango hupita 100, ambacho ndicho kikomo halali.

Huko ndiko alikotoka MissingNo., lile rundo la vipande vya picha vilivyovurugika ambalo wavulana wa mtaani kwetu walilinong'ona kama habari za jini. Waliokuwa wakimtafuta hawakumtaka yeye. Walitaka kitu cha sita mkobani kiongezeke kwa 128, na hilo lilikuwa kweli. Hakuna aliyetuambia kwamba chanzo chake ni adabu ndogo ya kumwandikia mzee jina lake kwenye kioo anapofundisha.

Wapo walimu wengine waliomfuata katika mfululizo huo. Yule kijana wa Gold na Silver anayemkamata Rattata simkumbuki hata sura. Wally wa Ruby na Sapphire ndiye aliyenigusa, kwa kuwa yeye ni mtoto mgonjwa anayeazimwa kiumbe Zigzagoon na baba yako wa mchezoni ili amkamate Ralts wake wa kwanza, nawe unamsindikiza tu, kisha miezi mingi ya kucheza baadaye anakungoja Victory Road, njia ya mwisho ya safari, akiwa mpinzani kamili. Kama hadithi, Wally anamshinda mzee. Kama mwalimu, bado namchagua mzee, kwa sababu anakuuliza kwanza kama una nafasi ya kumsikiliza, na ukiwa huna, haoni uchungu, bali hubaki palepale hadi siku utakaporudi.

Nilipomweleza mpwa wangu haya yote, aliomba kuanza upya, safari hii kwa jina lako, baada ya kuliandika kwa herufi kubwa na kulihesabu kwa kidole. Herufi yako ya tatu, L, humleta Cloyster. Ya tano ni M, Salim, na M ni MissingNo. Miaka yote ile ulikuwa naye jinani, nasi tukiogopa hata kuogelea pale. Ukija Desemba utamkuta kijana amefika Cinnabar, na nimemwagiza asiuguse ufuo wa mashariki mpaka uwe umeketi kando yake.

Wasalimie sana wote.

Ni mimi rafiki yako,
Mutua