Kabla Hamjaandika "Imethibitishwa": Barua kwa Vijana wa Maabara ya Elektroniki

Wanangu,

Nimesoma ripoti zenu nne za modeli, yaani milinganyo inayoiga vifaa vya elektroniki ndani ya kompyuta. Kila moja inaishia na grafu mbili zilizolaliana, ya uigaji na ya vipimo, na chini yake neno moja: "Imethibitishwa." Grafu zinapendeza. Neno ndilo lililonisumbua. Imethibitishwa kwenye mkondo wa kiasi gani? Kwa joto lipi? Kwa vipande vingapi? Ripoti hazisemi.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Tangu Laurence Nagel, akiwa mwanafunzi wa Donald Pederson pale Berkeley, alipotoa SPICE, programu ya kuiga saketi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja) ndani ya kompyuta imekuwa mlinganyo na tarakimu chache: IS (kiwango cha mkondo wake), N (ukali wa mkondo kupanda), RS (ukinzani wake wa ndani) na wenzao. Tarakimu hizo kuna mtu alizichagua. Huenda alipima kwa makini. Huenda alizisoma tu kwenye datashiti, karatasi ya mtengenezaji, bila kukigusa kifaa chenyewe. Na usipoiambia vingine, programu huchukulia kwamba joto ni nyuzi 27 za Selsiasi, hata kama dayodi yako inaunguza kidole.

Nianze na hiyo dayodi ya ripoti ya tatu. Mmechora mkondo kwa skeli ya kawaida, kuanzia sifuri hadi ampea 1. Kwa skeli hiyo, modeli inaweza kukosea mara kumi kwenye maikroampea na jicho lisione chochote, kwa sababu sehemu yote hiyo imelala juu ya mstari wa sifuri. Chora mkondo kwa skeli ya logi, ambayo kila hatua ni mara 10 ya iliyotangulia. Hapo katikati utaona mstari ulionyooka: kila mkondo unapoongezeka mara 10, volteji hupanda kwa takriban milivolti 60 zikizidishwa kwa N. Juu mstari utapinda, huo ni ukinzani wa RS. Chini nako utapinda kwa sababu nyingine, mikondo midogo ambayo modeli nyingi hazikuijali. Hizo ni sehemu tatu zinazotaka hukumu tatu.

Halafu joto. Ampea 1 kwa volti 0.9 ni karibu wati nzima ndani ya kipande kidogo kuliko punje ya mchele. Volteji ya dayodi ya silikoni hushuka takriban milivolti 2 kwa kila nyuzi inayopanda. Kikipata nyuzi 40 zaidi, umepoteza milivolti 80, na unailaumu modeli ya watu kwa joto ulilolileta mwenyewe. Watengenezaji wengi hupima kwa mapigo mafupi, mara nyingi maikrosekunde 300, umeme ukiwaka si zaidi ya asilimia 2 ya muda. Wanakiacha kifaa kipoe. Nanyi fanyeni hivyo, au basi andikeni joto halisi na mliingize kwenye uigaji.

Sasa niwaambie aibu yangu mwenyewe. Nilipokuwa na umri wenu nilipima transista inayowasha na kuzima. Kila ilipozima, volteji ilitetemeka mara kadhaa kabla ya kutulia, kwa karibu megahezi 130. Uigaji haukuonyesha mtetemo wowote. Nikaamua modeli ni mbovu. Wiki tatu nilichezea kapasitansi zake na kuongeza koili ndogo huku na kule, hadi grafu mbili zikalaliana kama zenu. Nikasaini. Mzee mmoja akaja, akaung'oa ule waya mrefu wa ardhi wa probu (ncha ya kupimia) ya osiloskopu, mashine inayochora volteji, akaweka springi fupi ya chuma. Mtetemo ukatoweka. Waya wa sentimita 15 una induktansi ya takriban nanohenri 150. Ukiukutanisha na pikofaradi 10 za probu, unapata mtetemo wa megahezi 130 zile zile. Nilikuwa nimeuingiza waya wangu ndani ya transista, tena kwa ufundi mkubwa. (Mzee hakucheka. Afadhali angecheka.)

Tangu siku hiyo naingiza meza nzima kwenye uigaji: probu na megaohimu zake 10 na pikofaradi zake, waya wa ardhi, hata ukinzani wa klipu. Pale ukinzani unapokuwa mdogo, pimeni kwa waya nne, mbili za mkondo na mbili za volteji.

Kwenye kapasita za seramiki sitakawia. Maandishi X7R, alama ya aina yake, yanaahidi asilimia 15 juu au chini kati ya nyuzi -55 na 125, na ahadi hiyo ni ya joto tu. Kuhusu volteji ya DC, isiyogeuka upande, hayasemi kitu, na baadhi hupoteza nusu ya kapasitansi au zaidi zinapokaribia volteji zilizoandikiwa. Modeli yenye tarakimu moja isiyobadilika haiwezi kulijua hilo. Pimeni zikiwa na volteji ya kazi.

Kubwa kuliko yote: mwamba ngoma huvutia kwake. Mmerekebisha tarakimu kwa vipimo fulani, kisha mkaipima modeli kwa vipimo hivyo hivyo. Tengeni vingine pembeni, msiviguse mpaka mwisho. Rekebisheni kwa mkondo tulivu, jaribuni kwa kuwasha na kuzima. Mkifanya hivyo na dayodi mtakuta jambo: modeli ya kawaida, yenye TT (muda wa chaji kupita ndani ya dayodi) peke yake, huukata ghafla mkondo wa nyuma unaotoka dayodi inapozimwa, ilhali dayodi nyingi halisi huufifisha polepole. Hapo hakuna tarakimu ya kurekebisha. Mlinganyo wenyewe hauna kitu hicho. Semeni hivyo kwenye ripoti badala ya kulazimisha.

Na kipande kimoja hakitoshi. Transista ya 2N3904 inaruhusiwa kukuza mkondo kati ya mara 100 na 300 kwa miliampea 10. Modeli iliyobanwa kwenye kipande chenu kinachokuza mara 180 ni picha ya kipande hicho.

Zirudisheni ripoti zote nne kwangu, kila moja ikiwa na mipaka yake ya mkondo, joto, frikwensi na idadi ya vipande. Ile ya tatu ije na data ghafi. Nimeona nukta za upande wa kushoto zimekatwa; zirudisheni zote, hata zile zisizolaliana na kitu.

Mzee wenu wa maabara