Mama, Uliniuliza Kama Nasali

Mama mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kuwa barua hii itawakuta salama nyote. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu.

Nimeona niandike badala ya kupiga simu, kwa sababu ya swali lako la wiki ile. Uliniuliza, "Mwanangu, huko unasali?" Nikajibu mbiombio, "Nasali, Mama," kisha nikasingizia kwamba mtandao unasumbua. Mtandao ulikuwa mzima kabisa. Kilichonisumbua ni jibu.

Mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, soma polepole na usiruke mistari, najua tabia yako. Kaka akiwepo, mwambie asitoke kabla hujamaliza.

Ukweli ni huu, Mama. Mwaka wa kwanza nilisali sana kwa sababu niliogopa. Nikazoea, na hofu ilivyopungua na sala zikapungua. Baba alipofariki nikaacha kabisa. Kanisani nilikwenda, Jumapili sikukosa, na kwaya niliimba kwa sauti yote. Lakini nikirudi chumbani nililala bila hata kusema asante. Nilidhani ibada ya Jumapili itanitosha hadi Jumamosi. Jumanne tu nilikuwa mkavu.

Tulisimuliwa habari za mana, chakula Mungu alichowapa Waisraeli jangwani, tangu utotoni, lakini sikuwahi kutulia nikaisoma mwenyewe katika kitabu cha Kutoka, sura ya 16. Waisraeli waliambiwa waokote ya siku moja, kila mtu kadiri ya ulaji wake. Waliojifanya wajanja wakaiweka hadi asubuhi waliikuta ina mabuu na inanuka. Ni mkesha wa Sabato tu ndipo waliruhusiwa kuokota ya siku mbili, na hiyo haikuoza. Nikajicheka. Mimi nilikuwa nalimbikiza ya siku saba! Hata katika Luka, Bwana Yesu alipowafundisha wanafunzi kuomba, alisema, "Utupe siku kwa siku riziki yetu." Hakusema mwezi kwa mwezi.

Aliyenirudisha si mhubiri. Ni bibi mmoja wa kanisa ninalosali, ana zaidi ya miaka 80, anatembea kwa mkongojo. Siku moja alinipa kijitabu kidogo chenye mstari wa Agano la Kale na wa Agano Jipya kwa kila siku ya mwaka, akaniambia nisome asubuhi kabla sijashika simu. Akanieleza kuwa desturi hiyo ilianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728, na kwamba tangu 1731 mistari hiyo inachapishwa kila mwaka bila kukosa. Walioanzisha kijiji kile walikuwa wakimbizi kutoka Moravia, leo nchini Ucheki, watu waliohama makwao kwa ajili ya imani. Mistari ya Agano la Kale inapatikana kwa kura. Hapo mwanzo nilibeza: neno la Mungu kwa kura, kama bahati nasibu? Sasa naona kuna faida. Mstari sikuuchagua mimi, kwa hiyo siwezi kuufanya useme ninachotaka. Asubuhi nyingine haunigusi hata kidogo, nasoma, naufunika, nakwenda kazini. Sitaki nikudanganye kwamba kila siku machozi yananitoka.

Kwa hiyo jibu la swali lako: nasali. Sala fupi. Mara nyingi ni maneno ya yule baba wa katika Marko 9 aliyemleta mwanawe mgonjwa: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Zamani nilidhani maneno hayo ni ya mtu dhaifu. Lakini Yesu hakumfukuza akaongeze imani kwanza ndipo arudi. Mtoto alipona siku ile ile.

Sasa nije kwa Kaka.

Kaka, shikamoo. Nisikilize bila kukasirika. Baba alipougua hukuniambia. Nilipata habari wakati mmekwisha kumzika. Ulisema ulitaka kunilinda, kwamba ningechanganyikiwa na nisingeweza kusafiri. Nilikujibu "sawa", na tangu siku hiyo sikukusamehe. Kazi yangu, kama unavyojua, ni kuhesabu mizigo ghalani usiku. Kilichoingia, kilichotoka, kilichopungua, vyote naandika. Basi na wewe nikakufungulia ukurasa. Siku hukupokea simu, niliandika. Siku ulipochelewa kunijibu kuhusu hati za Baba, niliandika. Sikuandika kwenye karatasi, lakini nilizijua tarehe zote kwa kichwa.

Kisha asubuhi moja, mstari wa siku ukaangukia 1 Wakorintho 13, pale panaposema upendo "hauhesabu mabaya". Sura hiyo tumeisikia katika kila harusi hadi imekuwa kama pambo la ukumbi. Lakini Paulo hakuwaandikia maharusi. Aliwaandikia watu waliogawanyika makundi, walioshtakiana mahakamani, ambao hata kwenye meza ya Bwana wengine walishiba na wengine wakabaki na njaa. Na neno la Kiyunani alilotumia hapo kwa kuhesabu ni neno ambalo watu wa hesabu walilitumia pia kwa kuingiza deni katika daftari. Mimi mhesabu mizigo nikaona nimekamatwa mchana kweupe.

Sisemi kwamba uliyofanya ni sawa, Kaka. Hapana. Nilikuwa na haki ya kumlilia Baba wakati mmoja na ninyi, na bado naumia. Ninachosema ni kwamba ukurasa nimeufunga. Kuna siku mkono unataka kuufungua tena, hasa usiku wa manane ghala likiwa kimya, na siku hizo nalazimika kuufunga upya. Na hili nalo nimegundua haliwekwi akiba. Msamaha wa jana nao unaota mabuu.

Mama, limebaki jambo moja, na ndilo lililonifanya nikalie kiti hiki saa mbili nzima.

Watu wengi wananitumia Yeremia 29:11 kwenye simu, wewe ukiwa wa kwanza: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Nilikuwa naitikia Amina na kuendelea na kazi. Mwezi uliopita nikasoma sura nzima, na iliyotangulia. Mama, ile ni barua! Barua kwa watu walio mbali na kwao kama mimi. Yeremia aliiandika Yerusalemu akaituma Babeli, kwa watu wa Yuda waliochukuliwa mateka pamoja na mfalme wao Yekonia, karibu mwaka 597 kabla ya Kristo. Na hakuwaambia fungeni mizigo. Aliwaambia, "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Waoe, wazae, wauombee amani mji ule ule uliowachukua mateka. Kurudi kwao kuliahidiwa, lakini ni baada ya miaka 70. Fikiria bibi mwenye umri wako anasomewa barua hiyo. Alijua kabisa kwamba watakaorudi ni wajukuu.

Sura ya 28 ndiyo iliyonichoma. Alikuwepo nabii mwingine, Hanania, aliyesimama hekaluni mbele ya watu wote akatangaza kwamba mambo yatakwisha kwa miaka miwili. Miwili tu! Vyombo vya hekalu vitarudi, mfalme atarudi, mateka wote watarudi. Yeremia mwenyewe alijibu "Amina", kwa maana naye alitamani iwe hivyo. Lakini Hanania hakuwa ametumwa. Alisema kile ambacho kila mtu alitaka kusikia.

Siku nilipoondoka ulinishika mkono ukauliza, "Muda gani?" Nikasema miaka miwili. Ukasema Amina. Mama, sikuwa na hesabu yoyote kichwani. Nilitaka tu uniachie mkono bila kulia. Nilikuwa Hanania wako, na huu sasa ni mwaka wa 6.

Naomba unisamehe kwa hilo. Sijui nitarudi lini kukaa. Nitakuja kukuona, hilo napanga na naliombea, lakini tarehe sitakupa tena kama sina. Nimeanza kuishi hapa kama mtu anayeishi, si kama abiria aliyekaa juu ya sanduku lake akisubiri basi. Nimejiunga na wanaowatembelea wagonjwa. Yule bibi namsaidia kupanda ngazi za kanisa. Mji huu nilikuwa naulaumu kila asubuhi, sasa nauombea, ingawa kuna siku nauombea huku nimenuna. Usidhani nimewasahau. Nilipokuwa nahesabu miezi ndipo nilipokuwa nawakwepa kwenye simu, maana kila mliposema "lini" nilijiona mwongo.

Jumapili baada ya ibada nitapiga. Kaka, ipokee wewe kwanza, uniambie jinsi Baba alivyoondoka. Aliongea nini, nani alikuwa kando yake, mliimba wimbo gani. Usinifiche kitu.

Na wewe mdogo wangu, uliniambia kwamba kalenda ya zamani bado iko ukutani, ile ambayo Mama alizungushia duara mwezi niliosema nitarudi. Iteremshe leo. Nyuma yake ni karatasi nyeupe, na Mama akitaka kunijibu, mwandikie hapo hapo.

Mwanao akupendaye.