Kwa mdogo wangu uliyechoma madaftari ya baba

Mdogo wangu,

Meseji zangu huzijibu, simu ukiona ni mimi unaiacha iite mpaka ikatike. Nimeamua kuandika hapa. Wakisoma na wengine, wasome.

Desemba iliyopita nilikuwa kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, mimi na mama mdogo tu. Migomba imejisongea, mfereji umeziba pale kwenye mparachichi, na masale ya mpakani yamekua hadi yananipita kimo. Nikaambiwa ulifika Moshi mjini, ukalala siku mbili, ukarudi Dar. Kilomita zisizofika 30! Mama mdogo alikuwa amekutengea mbege. Ilichacha.

Mimi bado nipo siku ile ya tatu baada ya kumzika baba. Wageni wameondoka, sufuria za kukodi hazijarudishwa, nami nasugua ukoko. Nikasikia harufu ya karatasi, nikadhani vijana wanachoma takataka za msiba. Nilipozunguka nyuma ya banda la ng'ombe nikakukuta umechuchumaa, kaunta buku za baba zimepangwa kando yako. Unachana kurasa tatu nne, unatupa motoni, unachochea kwa kijiti, halafu tena tatu nne. Nilikuita kwa jina la utotoni. Hukugeuka. Ukasema tu, "Dada, haya ni mambo ya Wayahudi. Yametusaidia nini?"

Nilipaswa kuingiza mkono motoni. Nilisimama na sufuria mkononi kama mgeni.

Unajua kilichokuwa mle kuliko mtu yeyote, maana wewe ndiye uliyekuwa ukimshikia taa umeme ukikatika. Ukurasa wa kwanza wa ile historia yake ya Wayahudi aliuandika juu "1208 KK", ule mwaka wa jiwe la Farao Merneptah, ambako jina la Israeli linaonekana kwa mara ya kwanza katika maandishi ya Misri. Farao anajisifu kwamba Israeli imeangamizwa na mbegu yake haipo tena. Baba akifika hapo alikuwa akiinua miwani, anatutazama mmoja mmoja, anasema, "Na bado tunawasoma." Halafu 722, Samaria inaanguka kwa Waashuru. Halafu 701, Senakeribu mfalme wa Ashuru anamzingira Hezekia mfalme wa Yuda, na lile handaki la maji la Siloamu, zaidi ya mita 500 ndani ya mwamba, wachimbaji wakitokea pande mbili hadi wakasikiana sauti. Hilo ulilipenda wewe. Ulichimba lako nyuma ya jiko kwa jembe la bibi, ukachapwa, na baba akakutetea.

Tulisoma naye pia Yeremia sura ya 36, zamu kwa zamu. Mfalme Yehoyakimu amekaa katika nyumba yake ya wakati wa baridi, makaa yanawaka mbele yake. Anasomewa gombo ambalo Baruku, mwandishi wa nabii Yeremia, aliliandika kwa kinywa cha Yeremia. Kila zikisomwa kurasa tatu au nne, mfalme anazikata kwa kisu cha mwandishi na kuzitupa motoni, mpaka gombo lote likaisha. Tatu au nne, mdogo wangu. Hesabu hiyo imo mle, sikuitunga mimi ili nikuumize. Watu watatu walimsihi asichome, na mmoja wao ni Gemaria mwana wa Shafani. Hakuwasikia.

Sasa nikueleze jambo ambalo baba hakuwahi kulijua. Nililisoma miaka miwili baada ya msiba, nikiwa zamu ya usiku wodini, nikaenda kulia stoo ili wagonjwa wasinione. Mwaka 1982 wachimbaji wa mambo ya kale wakiongozwa na Yigal Shiloh walikuwa Yerusalemu, kwenye mteremko wa Mji wa Daudi. Katika nyumba iliyoteketea Nebukadreza mfalme wa Babeli alipouchoma mji mwaka 586 KK, wakaokota vipande 51 vya udongo, kila kimoja kama ukucha wa kidole gumba. Zamani waliandika kwenye mafunjo, karatasi za matete, wakayakunja, wakafunga uzi, juu ya fundo wakabandika udongo mbichi na kugandamiza muhuri. Mafunjo yote yaliungua. Udongo moto uliuchoma ukawa mgumu kama tofali la tanuri, ndiyo maana umefika hadi leo. Kipande kimoja kimeandikwa Gemaria mwana wa Shafani, na wataalamu wengi wanaona ndiye huyohuyo aliyemsihi mfalme.

Itafute picha yake uitazame. Ukiikuza unaona alama za nyuzi nyuma ya udongo.

Najua unachotaka kusema: hayo ya kwao, sisi ni Wachaga. Wale watu walipelekwa Babeli, na huko kuna vibao vya udongo vilivyoandika mgao wa mafuta wa mfalme wao Yehoyakini (mwana wa yule Yehoyakimu) na wanawe watano, kama tunavyoandika mgao wa chakula cha wagonjwa. Mwaka 538 KK Koreshi mfalme wa Uajemi akawaruhusu warudi, na wengi walibaki Babeli. Walikuwa na nyumba, biashara na watoto waliozaliwa huko. Sikulaumu kwa kukaa Dar, sijawahi. Lakini waliobaki walisali wakielekea Yerusalemu, na wewe hata picha ya kaburi la baba uliniambia nisikutumie.

Halafu ukaleta mnunuzi.

Ushauri wangu ni uleule. Usiuze ukiwa na shida. Yeremia huyohuyo, Wababeli wameuzingira mji, yeye mwenyewe kifungoni, alinunua shamba la Anathothi kwa binamu yake Hanameli kwa shekeli 17 za fedha. Akaagiza hati ziwekwe ndani ya chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Nilipokataa kusaini nilikuwa nawaza shamba hilo. Umewaambia watu kwamba dada yako ana tamaa, kwamba mwanamke aliyeolewa anataka kihamba. Mimi nilikuambia nitakulipa kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara wangu, kihamba kibaki kwa jina lako, wewe kitinda mimba, kama desturi ilivyo. Ulikata simu.

Na lile la kikao cha ukoo, nalikubali. Nilisema mbele ya wazee kwamba baba alipolazwa hukutuma hata shilingi. Nilikuaibisha. Lakini ningefanyaje, na mnunuzi alikuwa amekwisha kuja kupima, anakanyaga pale bibi alipolala? Wewe ungekuwa mimi ungenyamaza? Tito, jemadari wa Warumi, aliunguza hekalu la Yerusalemu mwaka 70 BK, na bado watu walibaki. Baada ya vita vya Bar Kokhba, uasi wa Wayahudi uliozimwa mwaka 135, Hadriano kaisari wa Roma aliwakataza Wayahudi kukanyaga Yerusalemu, mji ukabaki na jina alilolipa yeye, Aelia Capitolina, na Yudea ikaitwa Syria Palaestina. Alijua kazi ya jina. Mnunuzi wako naye alikuwa na jina tayari, la hoteli. Nilimsikia akilitaja kwenye simu.

(Wanaosoma wasinivute kwenye vita vya leo. Ardhi ile ina watu wengine pia, wenye makaburi yao na bibi zao. Mimi namwandikia mdogo wangu.)

Ingekuwa zamani ningefunga jani la sale, jani letu la kuombea msamaha, nikaja nalo hadi mlangoni kwako, na usingeweza kunikataa. Lipo, nimelikata asubuhi hii, nimeliweka kwenye glasi ya maji.

Baada ya gombo kuungua, Baruku alichukua gombo jingine akaandika upya. Nimenunua kaunta buku mbili. Nimefika Hadriano na hapo nimekwama. Pembeni mwa ukurasa ule baba aliandika kitu kwa kalamu nyekundu, mistari miwili, usiku ambao umeme ulikatika na mimi nilikuwa nimelala. Taa ulishika wewe. Aliandika nini?